Doa Lisilohama

6 Februari

Kidole, mwanangu,

Shikamoo yako naiitikia kabla hujaiandika: marahaba. Sisi huku wazima, uzima ule wa kuamka na kulalamika. Baba yako goti linamsumbua lakini ulimi haujambo. Tangu asubuhi yuko kwenye cherehani lake anagombana na kola za sare za shule. Paa la jikoni limezibwa, sasa linavuja chumbani kwangu. Nasikia mjukuu wangu ameota meno mawili na kwamba ameyajaribu kwenye mkono wako. Vizuri. Wewe ndiye uliyekuwa ukiacha alama za vidole kwenye kila lenzi ya maabara yangu mpaka nikakupa jina. Acha na wewe ulipwe.

Usiniulize kwa nini sipigi simu. Kwenye simu watu husema haloo, haloo, mpaka salio linakwisha na maneno yenyewe hayajaanza. Dereva wa vipuri anapita hapa kila anapopata gari zima, naye hubeba barua bila kunung'unika.

Nimechoka, Kidole. Tangu mwenzangu wa zamu ya mchana ahamishwe, slaidi zote za hospitali zinapita chini ya jicho langu, na foleni ya asubuhi inafika kwenye ngazi. Mrefu, kijana tunayefanya naye kazi maabara, yupo, lakini yeye ana mashine ya damu na vikombe vya mikojo, naye hana mikono minne. Ile hadubini mpya ya macho mawili wakubwa waliiazimisha kituo kingine, na cha kuazima cha wakubwa hakina siku ya kurudi. Nimebaki na Chongo wangu, yule wa jicho moja.

Sasa Chongo naye anaumwa. Katikati ya duara, pale pale ninapotazama, pana doa la kijivu. Ningesema ni kidole chako kama usingekuwa mbali. Pembeni naona vizuri. Kimelea akifika katikati anapotea. Nimefuta lenzi, nimefuta kioo cha chini, doa lipo. Nisaidie upesi, maana mgonjwa ambaye mdudu wake amejificha chini ya doa hilo atarudi nyumbani na karatasi yenye sahihi yangu inayosema hana kitu.

Jambo la pili. Tumeletewa wanafunzi, na mganga mkuu ameamua kwamba niwafundishe hadubini. Si kuitumia tu. Anataka waelewe imetoka wapi, ziko za aina gani, inafanyaje kazi. Nimeitazamia ndani maisha yangu yote ya kazi, sikuwahi kuiuliza kwao ni wapi. Wewe unazifungua na kuzifunga kila siku. Niandikie, kwa maneno ya watu.

Shangazi yako, mwenye ndoo chini ya kitanda.


27 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua ilifika ikinuka dizeli, lakini ilifika. Mtoto meno yamekuwa manne na usingizi umepungua wa kila mtu. Hapa karakana tumejaa: hadubini za shule, za hospitali, moja ilikaliwa na mchwa. Msimamizi wangu anasema mwaka huu hatutaona meza tena mpaka tuzeeke. Mwambie baba goti alikande na apunguze kukanyaga cherehani, ingawa najua atakavyokujibu.

Tuanze na mgonjwa. Uchafu tunautafuta kwa kumfuata anayetembea nao. Sogeza slaidi: doa likisogea nalo, liko kwenye slaidi. Zungusha ile lenzi ya juu unayoiwekea jicho: likizunguka nalo, liko juu. Badilisha lenzi ya chini, ile inayotazama slaidi: likitoweka, umelipata. Pandisha na kushusha kile kikusanya mwanga chini ya meza yake: likififia na kurudi, liko huko. Chunguza pia kama mtu amegusisha mafuta ya lenzi kubwa kwenye lenzi isiyotaka mafuta. Hilo ndilo kosa la kila maabara, na kila maabara hulikana.

Sasa asili yake. Kabla ya hadubini palikuwa na miwani. Wachonga miwani walijua kwamba kioo kilichovimba katikati hupinda mwanga na kukuza kitu. Kama miaka mia nne iliyopita mmoja wao akatia vioo viwili kwenye bomba moja. Ni nani hasa, wanabishana mpaka leo. Cha chini kinatengeneza picha kubwa ya kitu, cha juu kinaikuza ile picha tena. Ndiyo maana ukiwa na lenzi ya juu ya mara kumi na ya chini ya mara mia, mdudu wako anakuwa mkubwa mara elfu. Kazi yote ya Chongo ni hiyo. Yaliyobaki ni kumpa mwanga wa kutosha na kumzuia asitikisike.

Ninayempenda zaidi ni muuza vitambaa mmoja wa zamani, aliyezoea kukagua nyuzi kwa kioo. Alitengeneza tone la kioo dogo kuliko punje ya mtama, akalibana kati ya vibati viwili, akalisogeza kwenye jicho mpaka kope zikaligusa. Kioo kimoja tu, na kilishinda mabomba ya vioo viwili ya enzi zake, kwa sababu vioo viwili vibaya huzidishiana ubaya. Akatazama maji ya ziwani na ukoga wa meno yake mwenyewe, akaona vitu vinatembea. Alipowaandikia wenye elimu wakatia shaka, mpaka mmoja wao alipotengeneza chombo akaviona kwa macho yake. Karibu wakati huo mwingine alikata kipande chembamba cha kizibo cha chupa, akakuta vijumba vimepangwa kama sega la nyuki, akaviita vyumba. Ndizo seli zenu hizo.

Shida iliyowasumbua muda mrefu ni rangi. Kioo hupinda kila rangi ya mwanga kivyake, kwa hiyo kila kitu kilikuwa na ukingo mwekundu huku na wa buluu kule. Dawa yake ilikuwa kugandisha pamoja vioo vya aina mbili, kimoja kikikosea upande huu na kingine upande ule, makosa yakafutana. Nikisoma hivyo nakumbuka wewe na baba mkilea mtoto mmoja.

Mpwa wako, Kidole.


19 Machi

Kidole,

Marahaba. Ndoo imehama, sasa iko kichwani pa kitanda. Baba yako nimempa ujumbe wako wa goti, akasema goti ni lake na cherehani ni lake. Amenikasirikia kidogo. Unajua tangu zamani mimi ndiye ninayemtungia uzi kwenye sindano jioni, nafumba jicho la kushoto kama niko kazini, naupitisha mara moja. Siku hizi nampa sindano na uzi anavishike mwenyewe. Anasema nimekuwa mvivu tangu niitwe mwalimu.

Nimefanya vipimo vyako vyote. Nimesogeza slaidi, doa halikusogea. Nimezungusha lenzi ya juu, halikuzunguka. Nimebadilisha za chini moja baada ya nyingine, lipo kwa zote. Kikusanya mwanga nimekipandisha mpaka kikagoma. Mafuta yalikuwa kwenye lenzi isiyotaka mafuta, kweli, na Mrefu akakana, kweli. Tumeyasafisha. Doa lipo.

Nasoma polepole siku hizi. Naizungusha slaidi ili kila kitu kipite pembeni mwa doa, kama mtu anayechungulia nyuma ya nguzo. Foleni inanung'unika. Nikitoka hapo kichwa kinaniuma mpaka kwenye meno.

Wanafunzi wamempenda muuza vitambaa wako. Mmoja aliuliza kwa nini tuna Chongo wa kizamani wakati kwenye picha kuna hadubini kubwa kama kabati. Nilimwambia hizo huletewa watu wakimya, yeye aandike tu. Lakini aliuliza vizuri. Niambie aina zake, na usijidai msomi.

Shangazi.


14 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Nilianza barua hii mara kadhaa nikaichana, nikasingizia mtoto. Mtoto alikuwa amelala.

Kwenye kisanduku nimekutumia lenzi ya juu mpya kabisa. Itoe ya Chongo, tia hii, uone.

Mwambie mwanafunzi wako hivi. Chongo ni hadubini ya mwanga: mwanga unatoka chini, unapenya slaidi, unapanda kwenye jicho. Kwa hiyo kitu lazima kiwe chembamba, na mara nyingi lazima kipakwe rangi, maana chembe nyingi hai hazina rangi na mwanga unazipita tu. Zipo ambazo hutumia hila kwenye njia ya mwanga, ule uliopita ndani ya kitu unachelewa kidogo kuliko uliopita pembeni, na uchelewaji huo zinaugeuza kuwa giza na weupe. Hizo huonyesha chembe ikiwa hai bila rangi yoyote. Zipo nyingine ambazo kitu hupakwa dawa inayowaka; unakimulika kwa mwanga wa buluu, kinakujibu kwa kijani kwenye giza. Wanaotafuta kifua kikuu kwa wingi huzipenda, kwa sababu mdudu anajitangaza mwenyewe.

Ninayoitumia mimi kila siku ni ya macho mawili yenye njia mbili kamili za mwanga, moja kwa kila jicho, kwa hiyo unaona kina, juu na chini ya kitu. Haikuzi sana. Ni ya kutengenezea saa, kuunganisha nyaya na kupasulia wadudu. Usiichanganye na ile ya macho mawili mliyowaazima watu, hiyo ina njia moja iliyogawanywa tu ili macho yote yafanye kazi.

Lakini zote hizo zina ukuta mmoja. Mwanga wenyewe ni mawimbi, na wimbi lina unene wake. Vitu viwili vikikaribiana kuliko nusu ya unene huo, vinaonekana kitu kimoja hata ulete kioo cha namna gani. Ni sawa na kutaka kuhesabu mishono ya baba kwa mkono uliovaa glavu nene. Ukikuza zaidi unapata ukungu mkubwa zaidi. Mafuta mnayotia kwenye lenzi kubwa yanasaidia kukusanya mwanga ambao ungepotea hewani, lakini ukuta uko pale pale.

Jingine dogo, ambalo fundi yeyote angekuuliza. Ukimtazama Chongo kwa jicho la kushoto, doa lipo?

Kidole.


30 Mei

Kidole,

Gari la dereva lilikufa njiani, likafufuliwa, likafa tena. Sehemu ya kuchelewa ni yake. Baba yako hajambo. Mvua zimekwisha na ndoo imerudi bafuni ikapumzike.

Lenzi yako mpya ni nzuri sana na haikusaidia kitu. Wanafunzi wameelewa habari ya glavu. Swali lako la mwisho nitalijibu nikipata nafasi.

Namleta Chongo mwenyewe, nimemfunga kwa blanketi la baba yako, usimpe mtu mwingine. Kituo kile kimeturudishia hadubini ya macho mawili kwa muda, ndiyo ninayosomea. Na nikwambie habari njema: kwenye hiyo doa silioni! Basi ona, ugonjwa ulikuwa wa Chongo tangu mwanzo. Nimelala usingizi wa mtu mwenye afya. Mfungue, umtibu, umrudishe, maana hii wataitaka tena.

Na lile kabati la kwenye picha hukulisema.

Shangazi.


21 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Chongo alifika salama, na blanketi la baba nimelifua. Mtoto amesimama kwa kushika meza, akamwona Chongo juu yake, akaweka vidole kwenye lenzi. Nilicheka mpaka mume wangu akatoka nje kuuliza.

Nimemfungua wote. Nimesafisha vioo, nimebadilisha grisi iliyokuwa imekauka kwenye meno ya kupandishia, nimekipaka upya kioo cha kumulikia. Nilikuta ukungu kidogo ndani ya bomba. Huenda ulikuwa ndio huo. Namrudisha kwa dereva.

Kabati la kwenye picha ni hadubini ya elektroni. Kwa kuwa mwanga ni mnene, watu waliuacha wakachukua elektroni, ambazo mawimbi yake ni membamba mno. Hazipindwi kwa kioo, zinapindwa kwa sumaku. Zinahitaji bomba lisilo na hewa kabisa, kwa hiyo huwezi kutia kitu kinachopumua. Ni lazima kiwe kimekufa na kukaushwa. Ya aina moja hupenyeza elektroni ndani ya kipande chembamba kupita utando wa kitunguu na kuonyesha vya ndani. Ya aina nyingine hupangusa juu ya kitu na kukusanya zinazoruka, ukaona uso wa mbu kama uso wa ng'ombe. Na ziko za karibuni zaidi ambazo hazitazami kabisa. Zina sindano yenye ncha kali inayopapasa juu ya kitu na kuchora mabonde na vilima vyake, hata atomu moja moja. Kipofu anaposoma kwa kidole hufanya hivyo hivyo.

Nimeandika sentensi hiyo ya mwisho nikataka kuifuta, ila karatasi ilikuwa imebaki hii.

Usijichoshe, shangazi. Pokezaneni na Mrefu.

Kidole.


8 Agosti

Kidole,

Huku wazima. Baba yako mzima. Salamu zimekwisha.

Chongo alirudi anang'aa, nami nikakaa naye kwa furaha, na doa lilikuwepo. Nikajiambia, Kidole ameona ukungu, Kidole ni fundi, basi huu ni ukungu uliobaki, utakauka. Ile ya macho mawili wakaichukua. Nikaendelea kusoma nyuma ya nguzo.

Mama mmoja alileta mtoto wa homa, msichana mwenye viatu vya plastiki vya njano. Nikasoma slaidi yake. Nikaandika hakuna vimelea. Wakaenda. Akarudishwa amebebwa begani, anatetemeka mwili mzima, macho yamegeuka, viatu kavaa kimoja. Daktari akaomba ile slaidi itazamwe tena, na Mrefu akakaa kwa Chongo mbele yangu. Hakuchukua muda. Alinyanyua kichwa akaniambia, kwa adabu yake ile, "Mama, wamejaa."

Mtoto amepona. Ningeanza na hilo ili usisome kwa hofu kama yangu. Lakini amepona kwa sababu mama yake hakuiamini karatasi yangu akarudi, si kwa sababu yangu.

Nilimwambia yule mama kosa lilikuwa langu. Aliendelea kumfunika mtoto kanga. Nadhani alikuwa amechoka kuliko mimi.

Sasa nakuuliza kama fundi, si kama mpwa wangu. Uliona ukungu ndani ya Chongo, au hukuona?

Shangazi yako.


16 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo.

Sikuona. Chongo alikuja mzima na amerudi mzima. Nilimtazama mimi kwa macho yangu yote mawili, moja baada ya jingine, na msimamizi wangu naye akamtazama. Duara lilikuwa jeupe kama sahani iliyooshwa. Ukungu niliuandika mezani, kwenye bomba haukuwepo.

Doa liko kwenye jicho lako la kulia. Nilijua tangu uliponiandikia habari ya sindano ya baba. Kitu kisichosogea na slaidi, kisichozunguka na lenzi, kisichobadilika na chochote, hakina pengine pa kukaa. Kwenye ile ya macho mawili hukuliona kwa sababu jicho la kushoto lilikuwa linaziba pengo la mwenzake, kama linavyofanya ukitembea barabarani, ukipika, ukimgombeza baba. Chongo peke yake ndiye aliyekuonyesha. Hakuwa mgonjwa, ndiye aliyekuwa akikwambia.

Wazee walisema ukipenda, chongo huita kengeza. Mimi nilikuita mzima. Wewe ndiye uliyenishika shingoni ukanielekeza kichwa kwenye lenzi kwa mara ya kwanza, ukanionyesha damu yangu mwenyewe. Nilishindwa kukuandikia kwamba jicho lile limechoka. Nikakutumia lenzi badala ya neno, na yule mtoto wa viatu vya njano nusura anilipie.

Usisome slaidi nyingine peke yako. Nenda kwa daktari wa macho wiki hii. Nakuja Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao ukitaka. Usipotaka, nakuja pia.

Kidole.


2 Septemba

Kidole, mwanangu,

Dereva ameniambia barua hii itawahi kukufikia kabla hujafunga mzigo, kwa hiyo sikiliza: usikimbie na mtoto mdogo juu ya gari la watu. Njoo, lakini njoo taratibu. Kwa daktari nimekwishakwenda. Baba yako alinisindikiza, kafunga duka siku nzima, jambo ambalo hakulifanya hata alipooa. Njia nzima alinishika mkono kama mtu mwenye hasira, na kwenye ngazi akaniambia, "Ungesema. Mimi na sindano yangu tungesubiri."

Nitakwambia la kweli na wewe unisikie. Nilijua. Kipimo cha jicho la kushoto nilikifanya siku ile ile barua yako ilipofika, kabla sijavua koti. Doa halikuwepo. Nikavaa miwani, nikavua miwani, nikajaribu tena. Kisha nikakuandikia kwamba nitajibu nikipata nafasi. Wewe ulisema uwongo mmoja wa ukungu. Mimi nilikaa kimya miezi yote hiyo huku nikitia sahihi karatasi za watu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kilichokuwa kinakuja kuniumbua mimi kilikuwa kinamfuata mtoto wa mwenzangu. Kwa hiyo usijibebeshe mzigo wote, mwingine ni wangu na ndio mzito.

Daktari ni mwanamke mdogo kuliko wewe, ana mikono baridi. Kipimo cha kwanza alichonifanyia kilikuwa lile swali lako la mwisho, kwa kinyume: alinifunika jicho la kushoto akaniuliza naona nini. Nikamwambia, nakuona masikio. Uso huna. Akaandika.

Kisha akanikalisha mbele ya chombo, kidevu kwenye kibao, paji la uso kwenye mkanda, akazima taa. Nikakitambua mara moja. Ni hadubini, Kidole, ile ya njia mbili unayotengenezea saa, ila wameilaza. Upande wa pili yupo yeye na macho yake mawili, na katikati mwanga mwembamba kama ufa wa mlango. Akaniambia nisipepese. Nikawaza: wote niliowabana kati ya vioo, nikawamulika, nikawaandika, leo mimi ndiye slaidi. Nilitaka kucheka lakini aliniambia nisitikisike, na hilo najua ni muhimu.

Ukuta wa nyuma wa jicho, katikati kabisa, umechakaa. Haurudi. Amesema si kazi iliyolichosha, ni umri tu, ungenikuta hata ningekuwa muuza mboga. Sijui kama hilo linanifariji. La kushoto ni zuri kwa sasa na litatazamwa kila baada ya muda. Nimechoka, lakini uchovu huu una mahali pa kukaa.

Mganga mkuu ametuletea msomaji mwingine kutoka kituo kile, pamoja na hadubini yetu ya macho mawili, safari hii wamekuja wote wawili. Slaidi zote sasa zinasomwa na watu wawili. Mimi si mmoja wao. Yule mama wa viatu vya njano alipita juzi kuchukua dawa, nikamwamkia, akaitikia. Ndivyo ilivyo kwa sasa.

Nimebaki na wanafunzi na Chongo. Leo nilimweka mezani, nikapaka alama ya wino kwenye slaidi, nyingine kwenye lenzi ya juu, nikawaambia wanitafutie uchafu. Likisogea na slaidi, liko wapi? Wakajibu. Likizunguka na lenzi? Wakajibu kwa pamoja, wanajua kama wimbo. Nikawauliza, na lisipohama na chochote?

Wakasogeza slaidi, wakazungusha lenzi tena. Mmoja akasema labda chombo kipelekwe kwa fundi.

Nikamwambia, "Hapana. Siku hiyo hiyo, kabla hujasoma slaidi nyingine, funika jicho moja. Halafu umwambie mtu."

Wakaandika. Baba yako anakusalimu. Sindano anajitungia mwenyewe, anachomwa, analaani, na uzi unapita.

Shangazi yako.